Chembe Kumi na Moja

Wifi yangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikumdai. Siku mume wangu aliponipeleka kwao kunitambulisha, dada yake huyo alinitazama kuanzia vidole vya miguu hadi kitambaa cha kichwa, polepole, kama anayetafuta kitu kilichochanganyika na visivyo vyake. Nikajisemea, haya, nimepata wifi wa kweli. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila kitu alikitazama namna hiyo, hata mchele kwenye ungo. Ilikuwa kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa kwenye kiti kimoja, jicho kwenye hadubini, akichambua majivu.

Nikiwaambia watu hivyo hudhani nawatania. Wao wanafikiria majivu ya jikoni. Haya yalikuwa majivu ya milima ya moto, iliyolipuka kabla ya babu wa babu wa mtu yeyote. Mlima ukilipuka, majivu yake hutua juu ya kila kitu, kisha mchanga na udongo huyafunika, yakabaki chini kama siagi katikati ya vipande viwili vya mkate. Ndani yake mna chembe zinazong'aa, na ndani ya chembe mna gesi kidogo sana inayoongezeka kadiri miaka inavyopita. Kule ng'ambo kuna maabara wanaoziyeyusha chembe hizo, wakaipima gesi, wakakwambia mlima ulilipuka lini. Ukishajua umri wa majivu, unajua udongo wa chini yake ni wa kabla na wa juu yake ni wa baada. Na ukikuta ardhi imepasuka ikayakata majivu hayo, unajua ufa ule ulicheza yakiwa yameshatua. Haya yote nimefundishwa na wifi yangu, kwenye meza yangu ya kushonea. Nikikosea mahali, mlaumuni mwalimu.

Lakini kabla chembe hazijapanda ndege, lazima mtu azichague. Mtu huyo alikuwa yeye. Analetewa mfuko wa majivu, anayaloweka, anayapitisha kwenye chekeche tano, anayaosha kwa asidi, anayakausha, anapitisha sumaku kuondoa zile nyeusi. Zinazobaki anazichagua moja moja kwa brashi yenye nywele tatu, aliyoilowesha kwa ncha ya ulimi. Siku nzuri alipata chembe mia mbili, na zote mia mbili zilikaa juu ya ukucha wa kidole gumba. Ofisi nzima ya wapima miamba alikofanyia kazi ilimwita Bi Chembe.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ghorofa ya chini. Feni ilikatazwa, dirisha lilikatazwa kufunguliwa, na mlangoni alibandika karatasi yenye herufi kubwa: UKITAKA KUPIGA CHAFYA, RUDI ULIKOTOKA. Tarishi mmoja aliipuuza siku moja, na kazi ya siku tatu ikaruka ikaenda zake. Wanasema Bi Chembe hakumgombeza. Alipiga magoti sakafuni na brashi yake akaanza kuokota, na tarishi akasimama pale mpaka aibu ikamtoa machozi. Hakuolewa. Mimi humtania kwamba aliyemtaka alichoka kusubiri ainue kichwa, naye hujibu kwamba angalau hakupata wifi.

Sasa nieleze ya ule ufa, maana bila huo nisingekuwa na sababu ya kumwandika mtu.

Mwaka ambao mimi na mume wangu tulikuwa bado wachumba, mji ulitaka kupanuka kuelekea mashariki, na huko mashariki kuna ufa wa ardhi. Ofisi ya wifi ikachimba handaki kuukata. Ukutani mwa handaki mstari mweupe wa majivu ulikuja umenyooka, ukakatika, ukaendelea upande wa pili, chini zaidi, kwa mita moja na nusu. Swali lilikuwa moja tu: majivu yale ni ya lini? Kama ni ya kale sana, basi ufa umepewa muda wote huo na umesogea hicho tu. Umelala, watu wajenge. Kama ni ya juzi, ufa uko hai, na pale hapawekwi hata tofali.

Mfuko wa majivu ukafika mezani kwake. Majivu yalikuwa laini mno, na chembe zake nzuri zilikuwa ndogo kama vumbi la chaki. Maabara ya ng'ambo walitaka uzito fulani, pungufu hawapokei. Mkuu wa ofisi wa wakati ule alikuwa akichungulia mlangoni kila asubuhi: "Bi Chembe, vipi, uzito umefika?" Haukufika. Siku ya tatu alasiri mizani bado inakataa, na gari la kupeleka kifurushi uwanja wa ndege limeshawashwa uani.

Kando ya kisahani zilikuwepo chembe kubwa, safi, zinang'aa. Kumi na moja. Alikuwa amezitenga yeye mwenyewe, kwa sababu pembe zake zilikuwa zimeviringika. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia siku ya kwanza kabisa: chembe iliyoanguka na majivu ina makali, ukiona imeviringika, hiyo imesafiri na maji, imetoka kwenye majivu mengine ya zamani huko vilimani, mto umeileta. Ni mgeni, usimkaribishe.

Akazitia. Kumi na moja kati ya mia mbili na kitu. Mizani ikakubali, kifurushi kikafungwa, gari likaondoka. "Nilidhani ni tone kwenye pipa," aliniambia baadaye. Lakini zile kubwa zilikuwa nzito, na zilikuwa za kale kuliko alivyoweza kufikiri, na siku zile maabara waliyeyusha zote kwa pamoja wakatoa jibu moja.

Jibu lilikuja: miaka laki mbili na elfu themanini. Mkuu alilisoma akitabasamu. Ripoti ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na wakubwa wa mji wakaanza kugawa viwanja.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mtu wa mageti na madirisha ya chuma, na hamwamini mtu. Akinunua nondo anapima mwenyewe. Mtu pekee aliyemwamini bila kupima alikuwa dada yake, maana wazazi wao walikufa mapema na ndiye aliyemlea. Tulikwenda kwake Jumapili moja. Mume wangu akamuuliza akiwa bado hajakaa: "Dada, kule mashariki wanagawa viwanja. Ule ufa wenu ukoje?"

"Umelala," alisema.

Neno moja. Nilikuwepo, na nilifurahi kuliko wote wawili.

Tulijenga kwa miaka minne, tofali moja moja. Mume wangu alichomelea mwenyewe kila dirisha, na geti alilitia umbo la jua linalochomoza ambalo watu wa mtaa mzima wamekuja kuiga. Mimi nilishona mapazia kabla ya paa kuwekwa. Chumba cha mbele nikaweka cherehani yangu, wateja wakaujua mlango. Cha nyuma kikawa cha mabinti wetu wawili walipokuja. Sijawahi kuipenda nyumba ya mtu kama nilivyoipenda ile, na nasema hivyo ili nisije nikajitetea baadaye.

Mwaka wa sita ulitokea mstari mwembamba kama uzi kwenye ukuta wa chumba cha watoto, kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni. Mume wangu akauziba kwa saruji. Mwaka uliofuata akauziba tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Sisi tuliziba kila mwaka, na mhenga yeyote anayetaka anakaribishwa aje aone. Kigurudumu cha uzi kikiniponyoka mkononi chumba cha mbele kilikuwa kinatambaa chenyewe hadi ukuta ule wa nyuma. Binti mdogo alidhani ni mchezo niliouanzisha kwa ajili yake. Mwishowe nikatundika kalenda pale ukutani. Mwaka uliofuata nikatafuta kalenda kubwa zaidi.

Miaka mitatu kabla wifi hajastaafu, ofisini kwake alikuja mwanafunzi wa chuo, binti mchangamfu, akaomba mabaki. Wifi hatupi kitu. Kila majivu aliyowahi kuchambua, yaliyobaki aliyaweka kwenye kopo la maziwa na lebo ya penseli. Yule binti akachukua kopo la handaki la mashariki, akapeleka chembe ng'ambo. Siku hizi, kumbe, huyeyusha chembe moja moja, na kila moja hujisemea umri wake.

Majibu yaliporudi binti alikuja mbio koridoni, akasahau hata ile karatasi ya chafya. "Bibie, tazama! Ziko za aina mbili! Zenye makali zina miaka elfu tisa. Zilizoviringika zina zaidi ya milioni mbili, sawasawa na majivu ya vilima vya juu. Maana yake mchanga wa bonde lote lile umetoka vilimani, tumejua sasa ulikotoka." Alimkumbatia, akamshukuru kwa kutunza kopo. Wifi akampongeza, akampa hongera za kutosha. Kisha akaenda chooni akatapika.

Elfu tisa. Kwa hesabu za mawe hiyo ni jana asubuhi. Ufa uliosogea mita moja na nusu tangu jana asubuhi haujalala.

Siku ya pili yake alikwenda kwa mkuu mpya, akafunga mlango, akasema yote, pamoja na zile kumi na moja. Mkuu mpya hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. "Dada yangu," akasema, "kule wanaishi watu zaidi ya elfu nne. Ripoti ina muhuri. Unataka nikawaambie nini, na niwapeleke wapi?" Akaiweka karatasi ya yule binti kwenye droo na kumhakikishia kwamba suala litafanyiwa kazi. Karatasi ile iko kwenye droo hadi leo, isipokuwa kama mchwa wameifanyia kazi.

Akajaribu mkutano wa wakazi. Alisimama mbele yetu na gauni lake la kazini, akaanza kueleza habari za makali na kuviringika. Jirani yetu mmoja, mwenye nyumba za kupangisha, akauliza kwa sauti: "Mama, wewe una kiwanja huku?" Akasema hana. "Basi ndiyo maana. Unataka viwanja vishuke bei upate chako." Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo huku kwetu wanamwita Mama Tetemeko. Nami nilikuwepo mkutanoni, na nilicheka kidogo, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama.

Kwetu alikuja mwisho. Alikaa kwenye meza yangu ya kushonea, akazisogeza pini zangu kando, akamwambia mdogo wake alichofanya miaka ishirini iliyopita. Mume wangu alicheka kwanza. Kisha akasema, "Dada, mavi ya kale hayanuki."

"Haya yananuka, mdogo wangu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Toeni watoto."

"Niwapeleke wapi?"

"Popote."

"Popote ndipo wapi? Niuze nyumba?"

Kwa wifi, kuiuza ni kumkabidhi ufa ule mtu mwingine na watoto wake. Alitaka tuiache. Tufunge geti lenye jua linalochomoza, tuondoke na masanduku, tukaanze upya kwenye chumba cha kupanga tukiwa na nywele zinazoanza kuwa nyeupe. Mume wangu alisimama akaenda karakana kwake, akagonga chuma hadi jioni.

Wifi alirudi kila Jumapili, mwaka mzima. Hakupandisha sauti hata siku moja. Alikuwa anakaa, anakunywa chai, anasema, "Toeni watoto," kama mtu anayekumbusha kuzima jiko. Nilifika mahali nikisikia geti Jumapili nakimbilia jikoni. Nilimchukia, nasema kweli. Nilimwona ni mwanamke aliyekosa nyumba yake na sasa ameijia yangu.

Mwishowe mume wangu naye akachoka, wakawekeana ahadi. Wifi alileta kioo cha hadubini, kile chembamba kama wembe, kingo zake zimesagwa kiwandani zisimkate mtu. Akaishusha kalenda yangu, akakigundisha kioo juu ya mstari, nusu huku nusu kule, akaandika tarehe ukutani kwa penseli. "Ukuta ukisogea unene wa ukucha, hiki kitakatika," alisema.

"Mwaka mmoja," akasema mume wangu. "Kikikatika kabla ya tarehe hiyo, nahama, hata kama ni kwenda kulala karakana. Kikipona, hutalitaja tena neno ufa ndani ya nyumba yangu."

"Nimekubali," alisema wifi. Mume wangu ana makosa yake, lakini ahadi yake ni ahadi, na sote watatu tulilijua hilo.

Kioo kilidumu miezi kumi na moja na wiki moja.

Siku hiyo nilikuwa peke yangu, mchana, napiga pindo sare za shule. Nikasikia tik, kama mtu amekata uzi kwa meno. Nikaenda chumba cha watoto, nikainua kalenda. Kioo kilikuwa kimekatika katikati, safi kabisa, na kipande cha kulia kilikuwa kimeteremka kidogo kuliko cha kushoto. Nikakaa kwenye kitanda cha binti mdogo.

Nilifikiri mengi pale. Nilifikiri chumba kimoja cha kupanga, watu wanne, cherehani itakaa wapi. Nilifikiri wateja waliouzoea mlango wangu. Nilifikiri mapazia. Na nilimfikiria wifi akiingia Jumapili, akiinua kalenda, akiwa na haki. Hilo la mwisho ndilo lililoniinua kitandani. Miaka yote ile ameniangalia kama chembe iliyoviringika, na sasa yeye, mkosaji mwenyewe, ndiye ashinde.

Nikashusha picha yetu ya harusi, nikatoa kioo chake, nikampelekea fundi vioo wa barabarani akanikatia kipande. Vile vipande viwili nikavibandua kwa kisu, nikagundisha changu. Picha ya harusi nikairudisha kwenye fremu bila kioo, na mume wangu mpaka leo hajatambua. Wanaume wanapima nondo.

Tarehe ilipofika, wifi alikuja na mume wangu akamwongoza mpaka chumbani, mkono begani mwake, kwa upendo kabisa. Mimi nilisimama mlangoni. Wifi akaishusha kalenda. Kioo kizima. Mume wangu akashusha pumzi ndefu.

Wifi aliivuta lenzi yake ndogo anayoivaa shingoni, akaangalia. Kisha akapitisha kidole cha shahada kwenye ukingo wa kioo, taratibu, kutoka juu hadi chini. Kidole kikatoka na mstari mwembamba wa damu.

"Hiki si changu," alisema. "Changu kina kingo laini."

"Dada, usianze," akasema mume wangu. "Tulikubaliana."

"Kina makali. Kimekatwa karibuni."

Mume wangu akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Mama watoto, wewe ndiye unayeshinda hapa. Kilivunjika?"

Kulikuwa na nafasi pale ya kusema. Ilikuwa ndefu, kama unavyosubiri cherehani ifike mwisho wa pindo. Wifi alikuwa ananitazama, lakini si kwa lile jicho lake la kuchambua. Alikuwa ananiomba.

"Si unakiona kizima," nikasema.

Mume wangu alirudisha kalenda ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Wifi akaweka kidole mdomoni.

Alinifuata jikoni. Nilijifanya naosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Nilitegemea maneno makali, na nilikuwa nimejiandaa kuyarudisha na riba. Aliegemea mlango tu.

"Wifi," alisema, "siku ile ningeweza kulirudisha lile gari. Lilikuwa bado uani. Nililisikia likitoka getini."

Niliendelea kusugua kikombe.

"Mimi nilitia kumi na moja, wewe umetia kimoja. Sina cha kukwambia." Akachukua kitambaa, akafuta kikombe. "Nastaafu mwezi ujao. Nyumba ya ofisi nitarudisha. Naomba nije nikae hapa."

Nikageuka. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mnipe chumba cha watoto," akasema. "Watoto waje mbele, kwenye cherehani, karibu na mlango."

Mume wangu alifurahi sana. Alidhani dada yake ameona uzee unakuja na ametaka kuwa karibu na damu yake. Alikwenda mwenyewe na mkokoteni kumchukua. Alikuja na kitanda kimoja, sanduku la bati na ile lenzi. Makopo ya maziwa aliyaacha ofisini, na nasikia mkuu aliagiza chumba kile kisafishwe kiwe stoo ya karatasi.

Ombi alilotoa lilikuwa moja. Alitaka nondo za madirisha yote zifunguke kwa ndani. Mume wangu akamtania kwamba amezeeka mpaka anataka kutorokea dirishani, lakini akamfanyia, akatia bawaba na komeo. Ni kazi nzuri. Kisha wifi akawafundisha mabinti kuzifungua, wamefumba macho, kama mchezo. Yule mdogo anaweza kwa kuhesabu hadi nne.

Ni mwaka wa pili sasa. Neno ufa hajalitaja, ameshika ahadi yake kuliko nilivyoshika mimi lolote. Kile kioo changu kilikatika mwezi wa tano. Nilimkuta amepiga magoti anakiokota na brashi, vipande vyote, na hakunionyesha uso. Mtaa unaendelea kukua. Mwisho wa barabara yetu wanajenga shule ya ghorofa mbili, na mume wangu amepata kazi ya madirisha. Kila mtu anampongeza. Mimi nimemwomba atie nondo zinazofunguka kwa ndani, akasema mchoro hauruhusu.

La kuvunda halina ubani. Mara nyingi nimelala nimepanga kumwambia mume wangu asubuhi, na asubuhi mteja amebisha hodi. Vile vipande viwili vya kioo cha kwanza ninavyo, kwenye kikopo cha bobini, chini ya vifungo. Kingo zake ni laini kweli. Ninavigusa kila nikitafuta bobini.

Juzi alasiri nilikuwa nampelekea wifi chai. Mlango wake hana desturi ya kuufunga. Alikuwa amejilaza ubavu, uso ukutani, kiganja cha mkono kikiwa juu ya ule mstari, ambao siku hizi unapokea kidole cha mtoto. Binti mdogo alikuwa amekaa sakafuni, ameegemeza mgongo kwenye kitanda, anafanya hesabu zake za shule.

"Shangazi," alimuuliza bila kuinua kichwa, "mbona huweki kioo kingine?"

"Nipo mimi," akasema wifi yangu.

Mtoto akaendelea na hesabu. Mimi nilibaki mlangoni na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.